Msuguano, Ulikaji na Uso wa Polima: Funzo la Istilahi kutoka Bushi ya Pampu ya Mkono

IKISIRI

Makala haya yanajadili namna Kiswahili kinavyoweza kubeba somo moja la sayansi ya maada ambalo kwa kawaida hufundishwa kwa Kiingereza pekee: uandaaji wa uso wa polima kwa plazma ili kudhibiti msuguano na ulikaji. Mfano mkuu ni bushi ya plastiki katika pampu ya mkono, chombo kinachotegemewa na wakazi wa maeneo kame kama Kaunti ya Isiolo. Makala yanadai kwamba unyambulishaji wa vitenzi vya Kiswahili tayari unatofautisha dhana mbili ambazo wanafunzi wengi huzichanganya. Aidha, yanapima istilahi tatu zinazoweza kutumiwa kwa mchakato wa plazma na kupendekeza moja.

1.0 UTANGULIZI

Mji wa Isiolo umekaa njia panda. Barabara kuu itokayo Nairobi hupitia hapo ikielekea Marsabit na Moyale, na wakazi wake ni Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana, Wameru na wengineo. Kila jamii ina lugha yake nyumbani, lakini sokoni, gereji na kwenye foleni ya maji lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Fundi wa lori anapomwambia dereva kwamba "bushi zimekwisha", huwa ametoa taarifa ya kiufundi iliyo kamili na iliyoeleweka, bila kujali nani alizaliwa katika lugha gani.

Hata hivyo, taarifa hiyo huishia hapo. Dereva akiuliza kwa nini bushi za mwaka huu zimekwisha upesi kuliko za mwaka jana, mazungumzo huanza kukwama. Aliyesomea uhandisi chuoni anajua jibu, lakini analijua kwa Kiingereza. Fundi anayo tajriba ya miaka mingi, lakini hakuwahi kupewa msamiati wa kuieleza. Baina yao pana pengo ambalo kwa mtazamo wetu si la akili bali la istilahi.

Pengo hili lina gharama. Kisima kifupi chenye pampu ya mkono kinaweza kusimama kwa sababu ya kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani. Kikisimama, wenyeji hurudi kwenye mashimo ya mchanga wa laga au hutembea mwendo mrefu zaidi na punda na mitungi. Kwa hiyo, swali la iwapo maarifa ya msuguano yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili si la wanaisimu peke yao.

2.0 BUSHI YA PAMPU KAMA KITABU CHA KIADA

Miongoni mwa pampu za mkono zilizoenea barani Afrika ni ile iitwayo Afridev. Pampu hii iliundwa katika miaka ya 1980 kutokana na kazi iliyofanyika Malawi na Kenya, ambapo majaribio ya nyanjani yalifanywa Kwale, pwani ya kusini. Wazo lililoongoza wabunifu wake lilikuwa kwamba matunzo yafanywe na wanakijiji wenyewe. Kwa hiyo, walipunguza idadi ya vifaa vinavyohitajika kuifungua, wakaiwekea vipuri vyepesi na vya bei nafuu, na wakaiunda kwa visima vyenye kina kisichozidi mita 45 hivi.

Kipuri kinachotuhusu hapa ni bushi. Mkono wa pampu huzunguka juu ya egemeo lake kila unapobonyezwa na kuinuliwa. Badala ya beringi za chuma zinazohitaji grisi, wabunifu walitumia bushi za plastiki za aina mbili, asetali na nailoni, zinazosuguana zenyewe kwa zenyewe zikiwa kavu. Huu ni uamuzi wa kisayansi. Plastiki haipati kutu, haihitaji grisi ambayo ingenasa vumbi, na inaweza kubadilishwa bila karakana. Gharama yake ni kwamba bushi hulika, na miongozo ya matunzo hushauri zibadilishwe mara kwa mara, kwa kawaida kila mwaka.

Ni muhimu kutambua kwamba Afridev haikutegemea plazma. Kinga yake dhidi ya ulikaji ni uchaguzi wa jozi ya polima zinazopatana. Lakini swali linalofuata ni la haki: je, uso wa polima hizo ungeweza kubadilishwa ili zidumu zaidi? Kulijibu, hatuna budi kwanza kusafisha maneno yetu.

3.0 SARUFI YA MSUGUANO NA ULIKAJI

Tuanze na nomino msuguano. Mzizi wake ni sugu-, na kabla ya kiishio -o tunakuta kiambishi -an- cha kauli ya kutendana. Kusugua ni tendo la mmoja kwa kingine, ilhali kusuguana ni tendo la wawili. Kwa hiyo, anayetamka neno msuguano amekwisha kusema, pengine bila kujua, kwamba pana pande mbili. Hili ndilo somo la kwanza la fani hii. Haifai kusema kwamba nailoni ina msuguano mdogo pasipo kutaja inasuguana na nini. Nailoni juu ya chuma laini, nailoni juu ya asetali na nailoni juu ya changarawe ni hali tatu tofauti zenye namba tatu tofauti za msuguano. Mwanafunzi anayejifunza kwa Kiingereza hulazimika kukumbushwa jambo hili na mwalimu. Mwanafunzi wa Kiswahili hukumbushwa na neno lenyewe.

Tutazame sasa kitenzi lika. Hiki kimetokana na la, kwa kuongezewa -ik- ya kauli ya kutendeka. Kauli hii haimtaji mtenda bali hutoa taarifa ya hali inayokipata kitu: sabuni imelika, kisu kimelika, soli imelika. Nomino ulikaji, kwa kiishio chake -ji, hudokeza mchakato unaoendelea. Hapa tunaona tofauti ya kimsingi: msuguano ni uhusiano baina ya viwili, ulikaji ni hasara inayokipata kimoja au kingine.

Kuna neno la tatu, uchakavu, linalotokana na chakaa. Baadhi ya waandishi hulitumia kana kwamba ni kisawe cha ulikaji. Kwa maoni yetu, uchakavu ni hali ya kitu baada ya kutumika, ambayo huweza kuletwa na jua, umri, mvua au msuguano. Jerikeni iliyopauka na kupasuka kwa jua la Merti imechakaa, lakini haijalika. Kutenganisha maneno haya kutatuepusha na maelezo yenye utata. Hata hivyo, kwa kuwa ulikaji hutumika pia kwa metali inayoliwa na asidi au kutu, pale utata unapoweza kutokea tuseme ulikaji wa msuguano.

Ulikaji wa msuguano una namna zake, na Kiswahili kina vitenzi vya kuzitaja. Uso mgumu au chembe ya mchanga ikipita juu ya uso laini na kuuacha na mifereji, hapo pana kukwaruza. Nyuso mbili zikigandana na moja ikaacha vipande vyake juu ya nyingine, hapo pana kubanduka. Uso ukibonyezwa na kuachiliwa mara maelfu hadi ukachanika kwa ndani, hapo pana uchovu wa maada. Methali yetu ya chovya chovya humaliza buyu la asali inaeleza tabia iliyo ya kawaida kwa namna hizi zote: kila mpito huchukua kidogo mno kisichoonekana, na jumla yake huwa bushi iliyokwisha.

Mwaka 1953 mtaalamu wa Uingereza, J. F. Archard, aliiweka tabia hiyo katika kanuni inayoweza kuelezwa kwa sentensi moja ya Kiswahili: ujazo wa maada inayolika huongezeka kadiri mzigo na umbali wa mtelezo unavyoongezeka, na hupungua kadiri uso unavyokuwa mgumu. Namba ya msuguano haimo katika kanuni hiyo. Hili si sahau ya mwandishi wake, kama sehemu ifuatayo inavyobainisha.

4.0 KINACHOTELEZA SI LAZIMA KIDUMU

Polima inayojulikana kwa utelezi kuliko karibu zote ni ile iliyogunduliwa na Roy Plunkett nchini Marekani mwaka 1938, ambayo leo wengi huijua kama utando wa vikaango visivyogandisha chakula. Namba yake ya msuguano dhidi ya chuma kilichosuguliwa vizuri huwa ndogo sana. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari mpasuaji wa Uingereza, John Charnley, aliitumia kutengeneza kikombe cha nyonga bandia. Hoja yake ilionekana sahihi: kiungo kinahitaji kuteleza, basi tutumie kinachoteleza zaidi.

Matokeo yalikuwa mabaya. Vikombe vililika upesi, na vumbi la plastiki likachochea mwili kujihami hata wagonjwa wakahitaji kupasuliwa tena. Mwaka 1962 Charnley alihamia polithini yenye minyororo mirefu sana. Polima hii ilikuwa na msuguano mkubwa kidogo kuliko ile ya kwanza, lakini ulikaji wake ulikuwa mdogo mno. Jamii hiyo ya polithini ingali inatumika katika nyonga na magoti bandia hadi leo, ikiwa imeboreshwa kwa kufungamanisha minyororo yake.

Funzo kwa mwanaistilahi ni bayana. Ikiwa mwandishi atatumia neno moja kwa msuguano na ulikaji, kisa hiki hakiwezi kusimuliwa. Kitageuka kuwa kitendawili kisicho na jibu.

5.0 PLAZMA NI NINI?

Maada hufunzwa shuleni kuwa na hali tatu: yabisi, kimiminika na gesi. Gesi ikipewa nishati ya kutosha, baadhi ya elektroni hung'oka kutoka kwa atomi zake, na tunapata mchanganyiko wa elektroni, ioni na chembe zisizo na chaji. Mchanganyiko huo ndio plazma, jina lililotolewa na Irving Langmuir wa Marekani mwaka 1928. Radi inayopasua anga la Isiolo msimu wa mvua ni plazma yenye joto kali. Mwanga ndani ya taa ya mrija ni plazma pia, ila mrija wake unaweza kuguswa kwa mkono.

Tofauti hiyo ya pili ndiyo inayowafaa wataalamu wa polima. Katika plazma baridi, elektroni huwa na nishati inayolingana na joto la maelfu mengi ya digrii, lakini ni nyepesi mno kiasi kwamba gesi yenyewe hubaki karibu na joto la kawaida. Plastiki, ambayo ingeyeyuka katika moto, huweza kuwekwa humo bila kuharibika. Kwa kawaida kifaa huwekwa ndani ya chumba kilichopunguzwa hewa, gesi kama oksijeni au agoni huingizwa kidogo, umeme huwashwa, na kazi humalizika kwa sekunde au dakika chache.

Kuhusu jina, yapo maandishi ya Kiswahili yanayotumia neno utegili. Neno hilo lina sura ya Kiswahili, lakini msomaji wa kawaida halijui, na limehusishwa pia na sehemu ya kimiminika ya damu. Tatizo la maana mbili haliepukiki, kwani hata katika Kiingereza neno ni moja. Makala haya yametumia plazma kwa sababu mwanafunzi atakutana nalo kila mahali, na muktadha unatosha kuitenga na plazma ya damu.

6.0 YANAYOTENDEKA USONI

Plazma inapogusa uso wa polima, mambo manne huweza kutokea, na mara nyingi hutokea kwa pamoja.

Kwanza, uso husafishwa. Mafuta na uchafu mwembamba hung'olewa na kuondoka kama gesi.

Pili, uso huchongwa. Chembe huung'oa uso kidogo kidogo na kuacha vibonde vidogo sana. Vibonde hivyo vinaweza kuongeza au kupunguza eneo la mgusano, na hivyo kubadilisha msuguano.

Tatu, uso hupewa vikundi vipya vya atomi. Plazma ya oksijeni hupachika oksijeni kwenye minyororo ya polithini. Athari yake huonekana kwa tone la maji. Juu ya jerikeni ya kawaida tone hujikunja kama ushanga, lakini juu ya uso ulioandaliwa hutandaa. Uso wa aina hii hushika wino, gundi na mafuta vizuri zaidi.

Nne, minyororo jirani hufungamana. Mwaka 1966 Hansen na Schonhorn, watafiti wa maabara za Bell nchini Marekani, walionyesha kwamba plazma ya gesi adimu huweza kufungamanisha minyororo ya polithini usoni na kuufanya uso huo kuwa imara zaidi. Kabla ya hapo minyororo ni kama nyuzi za katani zilizorundikwa. Baada ya hapo ni kama wavu uliofungwa vifundo. Kuvuta uzi mmoja kutoka kwenye rundo ni rahisi, kuuvuta kutoka kwenye wavu ni vigumu. Hapa ndipo plazma inapogusa ulikaji moja kwa moja.

7.0 MIPAKA YA MBINU HII

Mwandishi wa sayansi kwa Kiswahili asijiruhusu kushangilia teknolojia bila kuipima. Mabadiliko mengi tuliyoyataja huingia nanomita chache hadi makumi ya nanomita tu, ingawa mwanga wa urujuanimno utokao katika plazma unaweza kufungamanisha minyororo kwa kina zaidi. Milimita moja ina nanomita 1,000,000.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bushi inalika milimita 0.1 kwa mwaka, yaani nanomita 100,000, na pampu inatumika saa 8 kila siku, yaani saa 2,920 kwa mwaka. Ikiwa tabaka lililoandaliwa lina unene wa nanomita 50, na likilika kwa kasi ileile, litakuwa limekwisha baada ya saa moja na nusu hivi. Foleni ya asubuhi ya kwanza haitakuwa imemalizika. Hata kama tabaka hilo lingedumu mara mia zaidi, lingekwisha kabla ya siku 20. Pale ambapo vumbi la mchanga huingia katika egemeo, hali huwa ngumu zaidi, kwani chembe moja ya mchanga ina upana unaozidi tabaka hilo mara maelfu.

Je, mbinu hii haina faida? Inayo, ila mahali pake. Hufaa pale ambapo mzigo ni mdogo, kama katika vipete vya mpira vinavyozuia maji au dawa kuvuja, na katika mirija ya hospitali inayopaswa kuteleza. Hufaa pia kama hatua ya kwanza kabla ya kupaka tabaka nene na gumu, mathalani kaboni inayofanana na almasi, kwani tabaka kama hilo haling'ang'anii uso usioandaliwa. Hapo nako pana tahadhari: tabaka gumu juu ya polima laini likibebeshwa mzigo mkubwa hupasuka, mithili ya ganda la yai lililowekwa juu ya godoro.

Isitoshe, uso ulioandaliwa hurudia asili yake. Minyororo hujigeuza na kuvificha ndani vile vikundi vipya, na baada ya siku au wiki kadhaa tone la maji huanza kujikunja tena. Kwa bushi ya pampu, basi, ushauri wa busara ni ule wa zamani: chagua jozi nzuri ya polima, zuia mchanga, na badilisha kipuri kwa wakati. Mwanakijiji aliyeelezwa haya kwa lugha anayoielewa anajua kwa nini fedha za kipuri zichangwe kabla pampu haijasimama.

8.0 TUUITEJE MCHAKATO HUU?

Istilahi tatu zinajitokeza. Ya kwanza ni utibabu wa uso. Hii imetafsiriwa neno kwa neno kutoka Kiingereza, na humfanya msikilizaji adhani kwamba plastiki ilikuwa mgonjwa. Hatuipendekezi.

Ya pili ni ufukizaji wa uso. Neno hili lina mvuto wa pekee. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya hufukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa miti maalumu, na Waswahili wa pwani hufukiza nguo kwa udi. Katika hali zote mbili gesi hubadilisha uso ilhali kiwiliwili cha kitu hubaki vilevile. Hii ni taswira bora ya kufundishia. Dosari yake ni kwamba moshi huacha masalia yake juu ya kitu, ilhali plazma ya agoni haiachi kitu bali hufungamanisha kilichopo. Kama tashbihi inafaa, kama istilahi itapotosha.

Ya tatu ni uandaaji wa uso kwa plazma. Neno hili halidai zaidi ya linachokijua: uso umetayarishwa kwa kazi fulani, iwe kuteleza, kushika gundi au kustahimili ulikaji. Linanyambulika kwa urahisi (uso ulioandaliwa, mwandaaji, kiandalizi) na halina maana nyingine ya kiufundi inayogongana nalo. Hili ndilo tunalolipendekeza.

Msomaji atakumbuka kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kazi ya kuunda istilahi, basi, haianzi kwetu. Kinachopungua ni matini zinazozitumia istilahi hizo katika hoja ndefu. Istilahi isiyotumika katika sentensi ni kama kipuri kilichofungiwa ghalani wakati pampu imesimama.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili hakikosi nyenzo za kueleza sayansi ya uso wa polima. Kauli ya kutendana imetupa msuguano, kauli ya kutendeka imetupa ulikaji, na tofauti ya kauli hizo ndiyo tofauti ya dhana zenyewe. Tumeona pia kwamba maelezo ya Kiswahili yanaweza kubeba hesabu na kuonyesha mipaka ya teknolojia, si kuisifu tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lugha rasmi inapaswa kuwa na uwezo wa kumweleza raia kwa nini bushi yake imekwisha. Wajibu wa kuukuza uwezo huo tunao sisi tunaoisomea lugha hii, tukishirikiana na wenzetu wa fizikia na uhandisi walio ng'ambo ya pili ya uwanja wa chuo.

MASWALI YA MJADALA

1. Eleza kwa kutumia kauli za vitenzi tofauti baina ya msuguano, ulikaji na uchakavu.
2. Kwa kurejelea kisa cha nyonga bandia, jadili hatari ya kutumia istilahi moja kwa dhana mbili.
3. Ikiwa tabaka la uso lina unene wa nanomita 200 na bushi hulika milimita 0.05 kwa mwaka, tabaka hilo litadumu siku ngapi? Eleza jibu lako kwa aya moja ambayo fundi wa pampu ataielewa.
4. Kusanya kutoka kwa mafundi wa gereji maneno matano wanayoyatumia kueleza kuharibika kwa vipuri, kisha pendekeza yapi yanafaa kuwa istilahi.